JE, WAJUA? Neno la Bungeni Halipotei

Je, wajua kwamba eneo la Lundo limebadili jimbo bila kuhama mwambao wa Ziwa Nyasa? Kapteni John Komba, aliyefariki Februari 2015, alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi, jimbo la Lundo la wakati huo. Tangu uchaguzi wa mwaka huo Lundo iko Jimbo la Nyasa. Ukitafuta kumbukumbu za Bunge, tafuta kwa majina yote mawili.

Je, wajua kumbukumbu hizo zinaitwaje? Hansard, kwa jina la Thomas Curson Hansard, mpiga chapa wa London wa karne ya 19.

Je, wajua Siwa? Ni rungu la heshima ambalo Mpambe wa Bunge hulibeba mbele ya Spika akiingia ukumbini Dodoma. Jina ni la baragumu la watawala wa kale wa pwani ya Waswahili: siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba.

Je, wajua Hansard haiandiki maneno peke yake? Inaanza na dua, kisha hati zilizowasilishwa mezani, kisha maswali. Ukumbi ukishangilia, mwandishi huweka kwenye mabano: (Makofi). Ukicheka: (Kicheko). Hoja ikipita: (Hoja iliamuliwa na kuafikiwa).

Je, wajua swali la barabara au zahanati haliishii kwenye jibu la waziri? Mbunge husimama tena na maswali ya nyongeza, na ahadi itakayotoka hapo inaandikwa pamoja na jina la aliyeitoa, kikao na tarehe.

Je, wajua Rais ni sehemu ya Bunge? Ibara ya 62 ya Katiba inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Ndiyo maana muswada uliopitishwa hauwi sheria hadi Rais aukubali.

Je, wajua akidi? Ni idadi ya wabunge wanaotakiwa kuwapo kikaoni: nusu ya wabunge wote, kwa ibara ya 94 ya Katiba.

Je, wajua Kiswahili kilitangulia mjadalani kikachelewa sheriani? Wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada ya Kiingereza kwa miaka mingi, hadi marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili lugha ya sheria.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ahadi lipo, na tovuti ya Bunge iko wazi kwa kila mtu. Mbunge akija Lundo, muulize ukiwa na tarehe mkononi.