Mteja aone bidhaa zako zote kwenye simu yake bila kuchoma MB hata moja

Leo naleta kitu ambacho wengi wanadhani ni cha watu waliosomea kompyuta chuo. Mimi niliishia form four, haya nimejifunza kwa kusoma na kujaribu hapa hapa dukani Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Nauza vitenge, mashuka na viatu, na sehemu kubwa ya mauzo yangu inaanzia WhatsApp.

Ishu yetu sisi wauzaji wa mtandaoni tulio vijijini mnaijua. Mteja amesimama mbele yako siku ya mnada, umebeba doti kumi tu, nyingine ziko nyumbani au bado ziko njiani kutoka Kariakoo. Anakuuliza, "Zingine zikoje?" Ukimtumia picha sitini kwa WhatsApp, bando lako linaondoka na lake linaondoka, kama analo. Wengi hawana. Ukimwambia aangalie status, ile ya juzi imeshafutika kwa sababu inakaa saa 24 tu. Mwisho wa siku anashika simu yako mwenyewe, anapekua picha, na wewe umesimama pembeni roho juu asije akapokea simu yako au akafungua pasipomhusu.

Dawa ni kuigeuza simu yako iwe seva. Usiogope hilo neno. Seva ni kifaa chochote kinachokaa kinasubiri kuombwa faili, kikiombwa kinatoa. Basi. Tim Berners-Lee, yule Muingereza aliyebuni wavuti pale CERN, Uswisi, seva yake ya kwanza ya mwaka 1990 ilikuwa kompyuta moja ya mezani tu, na aliibandikia karatasi ya kukataza watu wasiizime, maana ikizimwa wavuti yote imezimika. Simu uliyoshika sasa hivi ina nguvu kuliko ile kompyuta kwa mbali sana.

Tunachokitaka ni seva ya faili tuli. Tuli maana yake faili linatolewa kama lilivyo, halibadiliki kwa kila mteja: picha, ukurasa wa bei, PDF ya katalogi. Hakuna kapu la manunuzi, hakuna malipo humo ndani. Mteja anaangalia, anachagua, halafu mnaongea na analipa kama siku zote, keshi au kwa lipa namba.

Unahitaji simu ya Android kuanzia toleo la 7, na programu inaitwa Termux. Hiyo ni dirisha jeusi la kuandikia amri. Ipakue F-Droid au GitHub, ndiko waliotengeneza wenyewe wanakoelekeza watu. Hii sehemu ya kwanza inakula bando, kwa hiyo ifanye siku ukiwa mjini Mpanda penye waifai au siku umejiunga bando kubwa. Ukishaweka, hutaihitaji intaneti tena kwa kazi hii. Fungua Termux uandike amri hizi moja moja, kila moja ukimaliza bonyeza enta na usubiri iishe:

pkg update
pkg install python
termux-setup-storage

Ya tatu itakuuliza kama unairuhusu Termux kuona mafaili ya simu, kubali. Python ni lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Sisi hatuandiki programu yoyote, tunaitaka tu kwa sababu ndani yake imekuja na seva ndogo tayari.

Sasa tengeneza folda. Nenda kwenye mafaili ya simu, kwenye hifadhi ya ndani, tengeneza folda mpya uiite duka. Humo weka picha za bidhaa peke yake. Nitarudi kwenye hilo neno "peke yake" maana ndipo penye hatari.

Kabla ya kuweka picha, zipunguze ukubwa. Picha moja ya kamera inaweza kufika MB 4. Picha sitini ni MB 240, na hata kama hamchomi bando, simu ya mteja itahangaika kuzifungua na wewe chaji itakuishia. Zipunguze kila moja iwe kama KB 150, jumla inakuwa MB 9. Programu za kupunguza picha zipo nyingi na za bure. Kitenge kitaonekana vizuri tu.

Halafu jina la picha. Simu inaita picha IMG na tarakimu ndefu zisizo na maana kwa mteja. Mimi nabadilisha kila moja: kitenge-bluu-18000.jpg, raba-nyeupe-39-25000.jpg. Herufi ndogo zote, hakuna nafasi katikati, unganisha kwa kistari. Kwa nini? Kwa sababu seva hii, kama hujaitengenezea ukurasa, inamwonyesha mteja orodha ya majina ya mafaili yaliyomo. Ukiyaita vizuri, orodha yenyewe tayari ni bei zako. Bei ikibadilika unabadilisha jina la faili tu. Watu wanasumbuka kujifunza kutengeneza kurasa za kupendeza na hawajaanza kuuza. Anza na orodha. Siku ukiwa tayari, ukiweka humo faili linaloitwa index.html, seva itaonyesha hilo badala ya orodha.

Sasa yenyewe. Ingia kwenye folda, uwashe:

cd ~/storage/shared/duka
python -m http.server 8000

Utaona mstari unaosema inahudumia, ukiwa na 0.0.0.0 na 8000. Duka limefunguliwa. Hiyo 0.0.0.0 usimpe mteja, maana yake tu ni kwamba seva inasikiliza njia zote zinazoingia kwenye simu. Namba 8000 ni mlango. Ikikataa kwa kusema anwani inatumika tayari, ujue kuna nyingine hukuizima, weka 8080 badala yake. Milango iliyo chini ya 1024 usihangaike nayo, Android haikuruhusu.

Mteja anaingiaje? Washa hotispoti, weka nywila, halafu ZIMA DATA yako. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Hotispoti ikiwa wazi na data ikiwa wazi, mteja anaweza kuwa anaangalia vitenge huku simu yake inapakua masasisho kwa bando lako. Ukizima data hotispoti inabaki kama kamba inayounganisha simu mbili, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Akishaunganishwa, atahitaji anwani ya simu yako. Njia rahisi kuliko zote: kwenye simu yake gusa jina la waifai uliyompa, fungua maelezo yake, tafuta ile namba ya lango, mara nyingi inaanza na 192.168. Hiyo ndiyo simu yako. Kwenye simu nyingi za zamani ni 192.168.43.1, ila hizi mpya zinaibadilisha, hivyo usikariri. Kwenye Termux pia unaweza kuandika ifconfig ukaiona. Basi kwenye Chrome yake anaandika, kwa mfano:

http://192.168.43.1:8000

Hapa ndipo wengi wanakwama, na kosa huwa haliko kwenye seva. Kwanza, aandike http, isiwe https, na asisahau nukta mbili na 8000 mwishoni. Akiandika nusu nusu, simu inaenda kutafuta Google na hakuna intaneti. Pili, simu yake italalamika kwamba waifai hii haina intaneti. Amwambie ibaki imeunganishwa hivyo hivyo. Tatu, na hii ndiyo inasumbua zaidi, kama ana data kidogo simu yake inaikwepa hotispoti yako kimya kimya na kupitia kwenye data, halafu ukurasa haufunguki. Mwambie, "Mama, zima data kwanza," na itafunguka. Mimi nimetengeneza QR ya ile anwani nikaichapisha, nimeibandika kwenye mbao ya meza. Namba ikibadilika nachapisha nyingine, lakini inaokoa maneno mengi.

Simu nyingi zinaruhusu watu wachache kwenye hotispoti, wanane au kumi hivi. Kwa meza ya mnadani inatosha kabisa. Ukiona Termux inajizima ukifunga kioo, andika termux-wake-lock kabla ya kuwasha seva, na usiende mnadani bila pawabenki.

Turudi kwenye folda. Hii seva haichagui. Folda uliyosimama ndani yake wakati unaiwasha, kila kilichomo, pamoja na folda zilizo ndani ya folda, kinaweza kufunguliwa na yeyote aliye kwenye hotispoti yako. Haiulizi nywila, haiulizi wewe nani. Kuna kijana mfanyabiashara alikuwa anaonyesha picha kwa njia hii hii, lakini aliiwasha akiwa kwenye hifadhi nzima ya simu kwa sababu hakuandika ile cd ya kuingia kwenye folda. Wateja wakaona folda zote. Mmoja akafungua picha ya daftari la madeni, majina na kiasi, na kabla ya saa nane mchana mnada mzima ulikuwa unajua nani anadaiwa nini. Wadaiwa wawili hawajarudi kwake mpaka leo, na deni hawajalipa.

Fikiria kilichomo kwenye simu yako wewe. Picha ya kitambulisho cha NIDA ulichotumiwa na mteja wa mkopo. Picha za miamala. Picha za familia. Na si aibu tu: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mteja ulizozikusanya wewe ndiye unayetakiwa kuzilinda, hata kama duka lako ni meza na mwavuli. Kwa hiyo kila mara, kabla ya kumwita mteja, fungua ile anwani wewe mwenyewe kwanza kwenye simu nyingine na uone anachokwenda kukiona. Dakika moja tu.

Waliotengeneza Python nao wameandika wazi kwamba seva hii si ya kazi rasmi kwenye intaneti, ulinzi wake ni wa msingi tu. Kwa hotispoti yako, watu wanane mnaoonana kwa macho, folda yenye vitenge tu, haina shida.

Sasa wengine mtauliza, je mteja wa Dar anaweza kuingia kwenye hiyo anwani? Hapana. Namba zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu, utaratibu uliowekwa mwaka 1996, na mamilioni ya nyumba duniani wana namba hiyo hiyo kila mmoja kwake. Nje ya hotispoti yako haikupeleki popote. Kwa mteja wa mbali, folda ile ile unaipandisha kwenye huduma za bure za kuhifadhi kurasa tuli, kama GitHub Pages au Netlify, unapata anwani ya kutuma WhatsApp. Huko sasa index.html inahitajika, maana orodha ya mafaili hawaonyeshi. Na huko ndipo zile herufi ndogo zinapolipa: picha inayoitwa JPG kwa herufi kubwa kwenye simu inaweza kufunguka vizuri, ukiipandisha kule ukurasa ukiwa umeandika jpg haionekani.

Kitu kimoja ambacho sikukitegemea kabisa nilipoanza ni yale maandishi yanayoshuka kwenye Termux wateja wakiwa wanaangalia. Kila mtu akigusa picha unapata mstari: namba ya simu yake kwenye hotispoti, saa, jina la faili, na tarakimu. 200 ni kwamba amepewa, 304 ni kwamba alishaiona na simu yake bado imeitunza, 404 ni kwamba ameomba kitu ambacho hakipo. Mwanzoni niliona ni takataka. Siku moja nikakaa nikahesabu. Kitenge kimoja cha njano kilikuwa kimefunguliwa mara nyingi kuliko vyote na sikuwa nimeuza hata doti moja. Watu walikipenda, wakaona 24000 kwenye jina, wakarudi kwenye orodha. Nikakitoa kwa 20000 mnada uliofuata, doti sita zikaondoka. Faida ilipungua kwa kila doti, lakini mzigo haukulala. Picha nyingine zilikuwa hazijaguswa kabisa. Hizo nilizipiga upya juani, kwa sababu za kwanza nilizipiga ndani ya chumba na kitambaa kilionekana kama tambara.

Ukimaliza, bonyeza CTRL kwenye ile safu ya vitufe vya Termux, halafu c. Seva imezima. Zima na hotispoti, washa data yako, uanze kujibu meseji.