Mpima Macho na Nyavu za Nyamisati

Katika kijiji cha Nyamisati, ambako barabara itokayo Bungu hukomea na vyombo vya kwenda Kilindoni, Mafia, hung'oa nanga, riziki nyingi hutegemea macho yanayoona karibu. Nyavu zilizotatuka hushonwa tundu kwa tundu, na mchele huchambuliwa kwenye ungo. Mshonaji akikaribia umri wa miaka 45 huanza kuusogeza uzi mbali na uso, hata mkono ukawa mfupi. Wengi hudhani kuwa huo ni mwanzo wa upofu, wakaiacha kazi waliyoijua tangu utotoni. Kumbe mara nyingi jicho halina ugonjwa wowote.

Lenzi ya jicho la mtoto ni laini, nayo hubadili umbo ili taswira ya kitu cha karibu ianguke juu ya retina. Kadiri miaka inavyopita, lenzi hiyo hukakamaa. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, yaani 1 igawanywe kwa umbali wa fokasi katika mita. Kwa hiyo kitu kilicho sentimita 40 mbele ya jicho huhitaji nguvu ya ziada ya dayopta 2.5. Mtu aliyebakiwa na dayopta 1 tu haoni vyema kitu kilicho karibu zaidi ya mita 1, kwani amepungukiwa dayopta 1.5. Hata hivyo hupewa lenzi mbinuko ya dayopta 2 hivi, kwa sababu jicho linalotumia nguvu zake zote huchoka upesi.

Kasoro ya mwanafunzi asiyeuona ubao ni nyingine. Mara nyingi jicho lake ni refu kupita kiasi, na taswira huangukia mbele ya retina. Ikiwa upeo wake wa kuona vyema ni sentimita 50, lenzi mbonyeo ya dayopta 2 humtosha. Wapo wanafunzi walioitwa wazito wa kuelewa, kumbe hawakuyaona maandishi.

Faida ya lenzi hizo si ya kubuni. Huko Assam, India, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 liliwahusu wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliwazidi wenzao katika ongezeko la uchumaji kwa asilimia 22 hivi.

Kazi ya kupima na kuagiza lenzi ndiyo optometria. Mtaalamu wake si daktari bingwa wa macho, wala si muuza miwani. Hapasui jicho, lakini ni lazima atambue dalili za mtoto wa jicho na za presha ya macho, ampeleke mgonjwa hospitali kabla hajachelewa. Miwani inayouzwa mnadani bila kipimo haiwezi kumpa mtu tahadhari hiyo.

Nchini Tanzania stashahada ya optometria hufundishwa kwa miaka mitatu katika KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Shahada hutolewa pia katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, na Makerere, Kampala. Mlango wa kuingilia ni masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia, na mwanafunzi anayeikwepa Fizikia katika kidato cha pili huufunga mlango huo bila kujua. Mhitimu hutakiwa kuandikishwa na Baraza la Optometria kabla ya kutoa huduma.

Vyombo vya kazi hii hubebeka hata ndani ya mashua. Kwa retinoskopu mpimaji humulika jicho, kisha hutazama mwanga unaorudi kutoka retina ukisogea. Huweka lenzi moja baada ya nyingine mbele ya jicho mpaka mwendo huo utoweke, na mgonjwa hakulazimika kusema neno. Njia hii huwafaa sana watoto wadogo. Chati ya herufi iliyobuniwa na Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862 haimfai kila mtu. Pwani wamo wazee wasomao msahafu kwa ufasaha ambao herufi za Kirumi hawakufundishwa. Hao huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, nao huelekeza vidole upande yalipoelekea matawi yake: juu, chini, kushoto, kulia.