Tumbusi pembezoni mwa Dar: hesabu ya kabla ya kuwaachia

Pori la Akiba Pande, jirani na Mabwepande, lina kilometa za mraba 12 hivi. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ina 30,893, yaani zaidi ya mara 2,500. Anayependekeza kurudisha tumbusi au tai pembezoni mwa Dar es Salaam aanze na tofauti hiyo. Kurudisha, hapa, ni kuachia ndege mahali walipotoweka hadi wajiongeze bila kuletewa wengine.

Ukubwa wa eneo peke yake hauamui. Tai mwenye kishungi huzaa katika vitongoji vya Durban, kwenye mabonde yenye miti katikati ya nyumba. Lakini Mkoa wa Dar es Salaam, wenye kilometa za mraba 1,393, ulihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022: ongezeko la asilimia 23. Wastani umefika watu 3,865 kwa kilometa ya mraba, na hata huo unaficha jambo. Kariakoo ilikwishajaa, nyumba mpya zinaota Chamazi na Mabwepande, palepale penye miti iliyobaki.

Tuchukue tumbusi 20, nusu majike. Wakifa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 5, ambao ndio umri wa kuanza kutaga, wanabaki 12, jozi 6. Kila jozi hutaga yai 1 kwa mwaka. Tukikadiria nusu ya makinda yataruka, ni 3, na kati yao 1.8 watafika umri wa kutaga. Wakubwa wanaokufa kwa mwaka ni 1.2. Kundi linakua.

Vifo vikiwa asilimia 20, zinabaki jozi 3. Makinda 1.5 yanaruka, 0.5 wanafika umri wa kutaga, wakubwa 1.3 wanakufa. Kundi linaisha. Na hesabu hii imewapendelea ndege, maana makinda hufa kwa wingi kuliko wakubwa.

Vifo hivyo vinatoka wapi? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu tumbusi wa Afrika ulihusisha asilimia 61 ya vifo vilivyorekodiwa na sumu, 29 na biashara ya dawa za jadi, 9 na nyaya za umeme. Ni vifo vilivyoonekana tu; anayefia porini haingii kwenye jedwali. Kuhusu umeme, pima mwenyewe: mabawa ya tumbusi mgongo-mweupe yakikunjuliwa yanapita mita 2, na nafasi kati ya waya na waya juu ya nguzo za mtaani mara nyingi haifiki hapo.

Marekani ilitumia zaidi ya dola milioni 35 kumwokoa kondori wa California, kutoka ndege 22 mwaka 1982 hadi zaidi ya 500, wakiwemo wa kufugwa. Kwa dola moja shilingi 2,500, ni bilioni 87.5, au milioni 175 kwa kila ndege. Hata hivyo, sumu ya madini ya risasi, itokanayo na vipande vya risasi vilivyobaki kwenye mizoga, bado inaongoza kwa kuwaua kondori wa porini.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kupima vifo: sumu gani inatumika Temeke na Kinondoni, nguzo zipi zinaua. Jibu likikaribia asilimia 20, ndege wasinunuliwe.