Mguu Uliochomwa Kisu: Mapigo Kwanza

Majeruhi aliyechomwa kisu nyuma ya goti akifika mapokezi damu imeshakata, jamaa zake hushusha pumzi. Mimi ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Ateri iliyokatika kabisa hujivuta, ncha zake zikazama ndani ya nyama na kuziba; iliyochanika upande mmoja hushindwa kujivuta, ikaendelea kumwaga damu. Jeraha kavu halinihakikishii lolote.

Kwa hiyo nashuka chini: natafuta mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, kisha nalinganisha na mguu mzima. Mguu baridi usio na mapigo, uvimbe unaozidi kukua au damu inayoruka, mojawapo linatosha kumpeleka mgonjwa thieta. Dalili zikiwa na utata, napima presha ya kifundo cha mguu na kuigawa kwa ile ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, anahitaji picha ya CT ya mishipa.

Kabla ya kufika hospitali, walio karibu naye wakandamize jeraha kwa nguvu. Damu ikigoma kukata, mkanda ufungwe juu ya jeraha, upande wa paja, na saa iandikwe. Kisu kilichonasa kisichomolewe.

Tunajiwekea kikomo cha saa 6 tangu kuumia ili kurudisha damu mguuni, ingawa misuli haisubiri saa yetu. Katika Vita vya Pili vya Dunia kawaida ilikuwa kuifunga ateri tu badala ya kuishona. Madaktari wa upasuaji DeBakey na Simeone, katika ripoti yao ya 1946 juu ya majeraha 2,471 ya ateri, walikuta kama 40 kwa kila 100 yaliishia kwa kiungo kukatwa. Kwa ateri ya nyuma ya goti, zaidi ya 70 kwa kila 100. Vitani Korea, ateri zilipoanza kushonwa, idadi ya jumla ya waliokatwa viungo ilishuka hadi kama 13 kwa kila 100.

Pengo likiwa refu, tunaliunga kwa vena ya mguu mzima, tukiigeuza juu chini ili vali zake zisizuie damu.

Damu ikirudi, misuli huvimba na kujinyonga ndani ya ala zake. Mgonjwa akipiga kelele ukivuta tu kidole chake cha mguu, shuku hilo. Hapo tunapasua ngozi na ala, tukifungua vyumba vyote vinne vya misuli chini ya goti. Ndugu wakiona mipasuo miwili mirefu iliyoachwa wazi hudhani tumeharibu mguu. Hufungwa siku kadhaa baadaye, uvimbe ukishapungua, wakati mwingine kwa kupandikiza ngozi ya paja.