Aliyeumia Kazini Asirudi Nyumbani Mikono Mitupu

Vijana wengi wa vijijini mwetu huwaaga wazazi wao wakaenda kutafuta kazi ya mshahara: wengine katika mashamba ya mkonge, wengine machimboni, wengine kwenye mashine za kupasua mbao. Wengi hurudi salama pamoja na akiba yao. Lakini wako warudio na mkono mmoja, au na mgongo usioweza tena kushika jembe, na mfukoni wana nauli tu waliyopewa na tajiri wao kwa huruma. Jamaa hulia, majirani hutoa pole, na mambo huishia hapo. Watu husema, "Ni bahati mbaya."

Kuumia ni bahati mbaya kweli. Lakini kukosa malipo yaliyowekwa na sheria si bahati mbaya. Mara nyingi ni kutojua, na kutojua kuna dawa yake.

SHERIA YASEMAJE?

Katika Tanzania Bara iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo Serikali iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ulianza kazi mwezi Julai 2015. Wanaouchangia ni waajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja ya mshahara wake. Mtu akiumia kwa sababu ya kazi, au akipata ugonjwa uliotokana na kazi, hudai kwa Mfuko huo.

Tuelewe vizuri jambo moja. Aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba tajiri wake alikosea. Lililo la lazima ni kuonyesha kwamba aliumia katika kazi yake. Wala haki hii si ya wenye mikataba ya maandishi peke yao. Aliyeajiriwa kwa mapatano ya mdomo naye yumo.

Malipo yenyewe ni haya. Kwanza, gharama za matibabu. Pili, mgonjwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Tuseme kijana alikuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi, akalala miezi minne. Kila mwezi stahili yake ni shilingi 210,000, na kwa miezi yote minne ni shilingi 840,000. Fedha hizo zaweza kulisha nyumba nzima mpaka apone. Tatu, ikiwa amebaki na kilema, madaktari hukipima kwa asilimia. Kisipozidi asilimia 30 hulipwa mara moja kwa jumla. Kikizidi hapo, hupewa pensheni ya kila mwezi. Naye akifariki, mjane na watoto wake wana haki yao.

HAKI HUPOTELEA WAPI?

Hupotelea katika siku zinazopita. Sheria yataka aliyeumia, au mtu mwingine kwa niaba yake, ampe mwajiri habari mapema. Mwajiri naye ana siku 7 tu za kuupelekea Mfuko taarifa ya ajali. Na ajali isipofikishwa kwenye Mfuko katika miezi 12, haki ya kudai hupotea. Ngoja ngoja huumiza matumbo! Mwenye kukaa miaka miwili akisubiri ahadi ya msimamizi wake, siku moja ataambiwa kwamba amechelewa.

Tena hupotelea katika karatasi. Mtu ametibiwa, lakini cheti cha hospitali kimeloa mvua. Wenziwe waliiona ajali, lakini majina yao hakuyaandika. Barua imekuja kutoka ofisini, naye aona haya kumwomba mtu amsomee.

MSAADA UPO, TENA BURE

Wengi hudhani kwamba msaada wa sheria ni kwa wenye mali, kwa kuwa wakili ni ghali. Sivyo. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Sheria hiyo yawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili, wala hawawezi kusimama mahakamani kama mawakili, lakini wamefundishwa sheria. Wanaweza kukueleza haki yako, kukusaidia kuandika madai, na kukuelekeza ofisi ya kwenda. Nao wamekatazwa kutoza malipo. Ukitaka kuwajua walio karibu nawe, muulize mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii.

Kwa hiyo, mtu wa nyumba yako akiumia kazini, fanyeni hivi:

1. Mpeni mwajiri habari siku ile ile kama yawezekana. Kwa mdomo yafaa. Kwa maandishi ni bora, nanyi mbaki na nakala.

2. Andikeni tarehe, saa, mahali, na majina ya walioona.

3. Wekeni kila karatasi ya hospitali na ya mshahara katika bahasha moja, mahali pasipoingia maji wala panya.

4. Msitie sahihi wala dole gumba katika karatasi msiyosomewa ikaeleweka.

5. Mwajiri akikaa kimya, msikae kimya nanyi. Mtafuteni msaidizi wa kisheria, mkaulize Mfuko wenyewe.

6. Jihadharini na mjanja wa mjini asemaye, "Nipe fungu lako nikuharakishie." Huyo si msaidizi, ni mwizi.

Na je, Mfuko ukikataa, au ukitoa kidogo kuliko inavyostahili? Jibu la kwanza si la mwisho. Sheria yatoa nafasi ya kuomba uamuzi utazamwe upya, kisha kukata rufani kwa Waziri, na hatimaye kwenda Mahakama ya Kazi. Lakini kila ngazi ina siku zake. Barua ikifika leo, ipelekeni kesho kwa anayejua sheria.

Wazazi, kijana wenu anapofunga mzigo wake kwenda kazini, mnampa maonyo mengi mema. Ongezeni na hili: "Mwanangu, ukiumia, usinyamaze." Mkono uliokatika haurudi. Lakini mwenye mkono huo ana watoto wanaokula kila siku, na malipo haya yaliwekwa kwa ajili yao pia.