Kenya: Nafasi ya chuo kikuu imepatikana, je, karo italipwa na nani?

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, KCSE, yanapotangazwa, familia nyingi husherehekea gredi ya C+ na zaidi, kwani hicho ndicho kiwango cha chini cha kujiunga na masomo ya shahada. Tangu mwaka 2023, hata hivyo, shangwe hizo hufuatwa na hesabu nzito. Kijana hupata taarifa mbili kwa nyakati mbili tofauti: ya kwanza humweleza amepangiwa kozi gani na katika chuo gani, ya pili, inayofika baadaye, humweleza wazazi wake watatoa kiasi gani. Anayedhani kwamba taarifa ya kwanza inatosha huenda akajikuta na nafasi ambayo hawezi kuitumia.

Mfumo ulivyobadilika

Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo kikuu cha umma, kiwe Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta au Moi, alilipa karo ya shilingi 16,000 za Kenya kwa mwaka, awe mtoto wa mkulima mdogo au wa meneja wa benki. Sehemu kubwa ya gharama iliyobaki ilipaswa kulipwa na serikali moja kwa moja kwa chuo. Mgao huo haukulingana na mahitaji, na madeni ya vyuo yakazidi kuongezeka. Mapato ya wanafunzi wa masomo ya sambamba, waliojilipia karo kamili na ambao kwa muda waliviwezesha vyuo kujikimu, nayo yalipungua idadi ya watahiniwa waliopata C+ iliposhuka kuanzia mwaka 2016.

Mwezi Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza utaratibu mpya, ulioanza na watahiniwa wa KCSE wa mwaka 2022. Fedha za umma sasa zinamfuata mwanafunzi kulingana na hali ya kwao. Kila kozi ina gharama yake halisi, na gharama hiyo hugawanywa katika mafungu matatu: ufadhili usiorejeshwa kutoka Hazina ya Vyuo Vikuu, mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na mchango wa familia.

Milango miwili, maombi mawili

Mlango wa kwanza ni KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi katika vyuo. Mwombaji huorodhesha kozi anazozitaka kwa kufuata mpangilio wa upendeleo wake. Ushindani huamuliwa na alama za masomo manne yanayohusiana na kozi husika, na si gredi ya jumla pekee. Ndiyo maana wanafunzi wawili wenye B+ wanaweza kuomba kozi ileile, mmoja akaipata na mwingine akaikosa.

Mlango wa pili ni maombi ya fedha, ambayo hayajazi mtu mwingine. Hapa mwanafunzi huulizwa kuhusu kipato cha wazazi, idadi ya wanaowategemea, shule aliyosoma, ulemavu katika familia na mengineyo. Majibu hayo hutumiwa kumweka katika mojawapo ya makundi matano. Asiyeomba hahesabiwi kuwa mhitaji, hata kama majirani wote wanaijua dhiki ya nyumbani kwao.

Hali hiyo inatofautiana na ya Tanzania, ambako mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni. Hata hivyo, jambo moja linafanana katika nchi zote mbili: kukubaliwa chuoni ni uamuzi mmoja, na kupewa mkopo ni uamuzi mwingine.

Hesabu ya makundi matano

Kwa mujibu wa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, kundi la kwanza ni la familia zenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Serikali hulipa asilimia 70 ya gharama ya masomo kama ufadhili, mkopo hulipa asilimia 25, na familia asilimia 5. Kundi la pili, lenye kipato kisichozidi shilingi 23,670, hupewa ufadhili wa asilimia 60 na mkopo wa asilimia 30, na familia huchangia asilimia 10. Katika kundi la tatu, hadi shilingi 70,000, mgao ni 50, 30 na 20. Katika kundi la nne, hadi shilingi 120,000, ni 40, 30 na 30. Walio juu ya kiwango hicho hupata ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na familia hubeba asilimia 40. Aidha, upo mkopo wa matumizi, kuanzia shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza hadi shilingi 40,000 kwa kundi la tano.

Tuchukue mfano wa kozi ya miaka minne inayogharimu shilingi 240,000 kwa mwaka. Familia ya kundi la kwanza itachangia shilingi 12,000 kila mwaka; ya kundi la tatu, 48,000; ya kundi la tano, 96,000. Kozi ni ile ile na darasa ni lile lile, ila kundi limetofautiana. Mwanafunzi aliyewekwa kimakosa katika kundi la tatu badala ya la kwanza atadaiwa nyumbani kwao mara nne ya kile alichostahili kudaiwa.

Deni nalo lisisahaulike. Katika mfano huo, mwanafunzi wa kundi la kwanza hukopa shilingi 60,000 za karo na 60,000 za matumizi kila mwaka. Akimaliza miaka minne, atakuwa amekopa jumla ya shilingi 480,000, kabla ya riba ya HELB ya asilimia 4 kwa mwaka. Urejeshaji hutarajiwa kuanza ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na anayekiuka masharti hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi.

Malalamiko na mahakama

Lawama kubwa dhidi ya mfumo huu ni kwamba wapo wanafunzi maskini waliowekwa katika makundi ya wenye uwezo. Kipato cha mama muuza mboga au cha baba mwendesha bodaboda hakiandikwi popote, na hubadilika kila siku. Kukikadiria kwa fomu ni kazi ngumu.

Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huo ulikiuka katiba, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, pamoja na wadau wengine. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ilisitisha utekelezaji wa uamuzi huo, na makundi yakaendelea kutumika. Mwaka huohuo serikali ilitangaza punguzo la karo. Kwa hiyo mwombaji anapaswa kusoma viwango vya mwaka wake mwenyewe, asitegemee vya kaka au dada yake.

Mwombaji apime nini?

Kwanza, aangalie gharama ya kozi kabla ya kuipanga katika orodha. Udaktari hugharimu mara kadhaa zaidi ya shahada ya sanaa, na asilimia ya familia hukokotolewa kutokana na gharama hiyo.

Pili, atenganishe karo na maisha. Chumba cha kupanga jijini Nairobi hakilingani bei na chumba cha mji mdogo, na mkopo wa matumizi hauongezeki kwa sababu mwanafunzi anaishi jijini. Kozi ileile katika chuo kilicho karibu na nyumbani inaweza kuokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la karo.

Tatu, akumbuke kwamba anayepangiwa chuo kikuu binafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, lakini hapati ule ufadhili usiorejeshwa.

Nne, akiona amewekwa katika kundi lisilomfaa, akate rufaa mapema na aambatanishe ushahidi. Upo pia muda maalumu wa kuomba kuhamia kozi au chuo kingine.

Kwa familia yenye ng'ombe mmoja au shamba la ekari moja, maswali haya ni bora yaulizwe kabla ya orodha ya kozi kuwasilishwa. Ng'ombe akiuzwa ili kulipia muhula wa kwanza, muhula wa pili hautakuwa na cha kuuzwa.