Je, Wajua? Mafundi Wadogo Wanaofunga Kidonda

Mtoto akianguka na baiskeli kwenye barabara ya vumbi pale Carama, kaskazini mwa Bujumbura, goti likachubuka, mama humwosha, humtuliza, kisha hungoja. Siku chache baadaye kigaga kinabanduka na ngozi mpya inaonekana. Ni nani aliyeifuma? Miongoni mwa mafundi wa kazi hiyo wamo peptidi.

Je, wajua peptidi ni kitu gani? Chukua uzi, tunga shanga. Shanga ni asidi amino, na uzi mfupi wa shanga hizo ndio peptidi. Ukirefuka sana na kujikunja huitwa protini. Peptidi iitwayo GHK ina shanga tatu tu. Loren Pickart aliitambua katika damu ya binadamu mwaka 1973. Peptidi hiyo hushikana na madini ya shaba, na kiasi chake mwilini hupungua kadiri umri unavyosogea.

Je, wajua kwamba damu hubeba fundi wake wa dharura? Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huhifadhi peptidi ya asidi amino 43 iitwayo thimosini beta-4. Ngozi ikikatika, peptidi hiyo humwagika jerahani na kusaidia seli kusogea ili kuziba pengo.

Je, wajua kwamba ngozi yako ina mlinzi anayepata nguvu kutokana na jua? Anaitwa LL-37, na ana asidi amino 37. Hutoboa bakteria na pia huziita seli za kinga zije kusaidia. Mwili hutengeneza mlinzi huyu kwa msaada wa vitamini D, ambayo ngozi huipata kwa kuota jua.

Je, wajua kwamba chura wa Afrika aliwafunza madaktari? Michael Zasloff, mtafiti wa Marekani, alikuwa akiwapasua vyura wenye kucha ili kupata mayai yao, akiwashona na kuwarudisha katika maji yaliyojaa vijidudu. Alishangaa: vidonda vilipona bila usaha. Mwaka 1987 alitangaza kwamba ngozi ya chura huyo ina peptidi mbili zenye asidi amino 23 kila moja. Akaziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Ndugu wa chura huyo, Xenopus victorianus, anaishi katika maji ya ukanda wetu wa Maziwa Makuu, Burundi ikiwemo.

Je, wajua kwamba peptidi mbili zaweza kuzidi jumla yao? Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika ngozi ya chura yuleyule imo peptidi nyingine, PGLa. Watafiti walipoichanganya na magainini ya pili, waliona zikishikana bega kwa bega na kutoboa utando wa bakteria kwa nguvu ambayo hakuna hata moja iliyokuwa nayo peke yake. Hapa ndipo wazo la kuchanganya peptidi lina ushahidi mzuri wa maabara.

Je, wajua kwamba chai ya akina mama wa Kongo iliingia katika sayansi? Tumbo huzivunjavunja peptidi nyingi kama linavyofanya kwa nyama na maharage. Ndiyo maana insulini, nayo ikiwa peptidi, huchomwa kwa sindano. Lakini katika miaka ya 1960, daktari Lorents Gran kutoka Norwe, akiwa Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa maji yaliyochemshiwa mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu wa kuzaa. Peptidi yake ilistahimili moto. Mwaka 1995 siri ikafichuka: asidi amino zake 29 zimeunganishwa kama pete, bila kichwa wala mkia. Leo watafiti huiga pete hiyo wakitafuta peptidi za kumeza.

Je, wajua kwamba njia ya kutoka maabara hadi duka la dawa ni ndefu? Peksigana, dawa ya kupaka iliyotokana na magainini, ilijaribiwa kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 Marekani ilikataa kuiidhinisha.

Je, wajua kwamba mchanganyiko unaosifiwa sana bado haujathibitishwa? BPC-157, yenye asidi amino 15, ilichunguzwa hasa na watafiti wa Zagreb, Kroatia. Huuzwa mtandaoni pamoja na TB-500, jamaa wa thimosini beta-4, kwa ahadi ya kuponya kano na misuli. Ushahidi wake mwingi unatoka kwa panya. Zote mbili zimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. BPC-157 ilitajwa kwenye orodha yake mwaka 2022. Kijana anayekimbia akiota dhahabu kama ile ya mwanariadha wetu Vénuste Niyongabo katika Olimpiki ya Atlanta 1996, asikubali kuchomwa dawa ya kichupa asichokijua.

Mwili huwaita mafundi wake kwa zamu, kila mmoja kwa saa yake na kwa kipimo chake. Sayansi ingali inajifunza zamu hizo. Kwa leo, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati, na kidonda kisichofunga, hasa cha mwenye kisukari, kipelekwe kituo cha afya mapema.